Debian thabiti iliyochanganywa na vifurushi vya majaribio: tathmini ya miezi tisa kutoka dukani

Kazi yetu ni kadi za harusi, mabango madogo na vyeti vya madrasa, katika duka lenye kompyuta tatu ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, na zote tatu zinatumia Debian, mfumo endeshi huru wa familia ya Linux. Hatukuichagua kwa kufuata mkumbo. Kompyuta zetu ni za mtumba, leseni za programu za kulipia zingemeza faida ya msimu mzima, na toleo thabiti la Debian likishasakinishwa hukaa kimya na kumwacha mtu afanye kazi yake. Tathmini hii haihusu Debian thabiti yenyewe, ambayo sina lawama nayo, bali uwezo mmoja uliomo ndani yake ambao wengi huusikia kwa minong'ono tu: uwezo wa kuchukua vifurushi vya programu kutoka tawi la majaribio na kuviweka ndani ya mfumo thabiti, kwa chombo kile kile cha apt, yaani programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha programu nyingine, bila kuuhamisha mfumo wote. Niliutumia uwezo huo tangu Novemba 2024 hadi Agosti 2025, umenifaa na umenitia hasara, na nadhani ninaweza kueleza ni wapi ulinifaa na ni wapi haukunifaa.

Kwanza ni vizuri kufahamu jinsi nyumba hii ilivyojengwa. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, huweka programu zake katika matawi. Kifurushi kipya huingia kwanza katika tawi lisilotulia, linaloitwa sid siku zote, jina la yule kijana wa filamu ya Toy Story aliyekuwa akivunja wanasesere. Kikikaa humo siku kadhaa, kwa kawaida kati ya mbili na kumi kutegemea uharaka wake, bila kugundulika kasoro kubwa mpya na bila kuvunja vifurushi vingine vinavyokitegemea, huhamia tawi la majaribio. Baada ya miaka miwili hivi tawi la majaribio hugandishwa, kasoro husafishwa, kisha hutangazwa kuwa toleo thabiti. Toleo la 12, bookworm, lilitoka tarehe 10 Juni 2023 likiwa na vifurushi zaidi ya 64,000, na tangu siku hiyo matoleo ya programu zilizomo hayabadiliki tena isipokuwa kwa viraka vya usalama na marekebisho ya kasoro nzito. Utulivu huo ndio sifa yake, na ndio chanzo cha kero pia, kwani mwaka wa pili ukifika mtu huanza kuona wenzake wakitumia mambo ambayo yeye hana.

Kilichonivuta mimi mwanzo kilikuwa kitu kidogo sana, fonti za Kiarabu. Kadi ya harusi ya hapa kwetu haikamiliki bila basmala juu yake na aya chini yake, na wateja wetu ni watu waliosoma. Irabu ikikaa pabaya, au shada ikigongana na fat'ha, mzee wa upande wa bwana harusi ataiona kabla ya kusoma jina la mwanawe. Tawi la majaribio lilikuwa na matoleo mapya ya fonti nilizokuwa nikizitumia, kwa hiyo niliongeza mstari wa trixie, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa tawi la majaribio, katika orodha ya hazina za apt, yaani ghala za mtandaoni ambako huchukua vifurushi, nikaweka kanuni ya kipaumbele nitakayoieleza baadaye, kisha nikaandika amri ya kusakinisha jina la fonti likifuatwa na mkwaju (/) na neno trixie. Kazi yote ilimalizika kabla kahawa haijapoa. Fonti ni data tupu: haina msimbo uliokusanywa, yaani uliogeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa ajili ya aina fulani ya kichakataji, wala haitegemei maktaba yoyote ya mfumo, yaani msimbo ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja, kwa hiyo haijali kama jirani zake ni wa bookworm au wa trixie. Kwa vifurushi vya namna hii, yaani fonti, kamusi za kusahihisha tahajia, mandhari na nyaraka, ninaupa mchanganyiko huu alama zote bila kusita.

Kasoro ni kwamba wepesi ule ulinidanganya. Aliyeonja asali huchonga mzinga, na mzinga wangu ulikuwa GIMP, programu ya kuhariri picha.

Toleo la 3.0 la GIMP lilitangazwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi, na jambo lililonikuna ni kwamba sasa kichujio unachokiweka juu ya picha kinaweza kufunguliwa na kurekebishwa baadaye bila kuiharibu picha ya asili. Mtu anayetengeneza kadi ataelewa mara moja thamani yake. Mama wa bi harusi akisema kivuli cha maua kimezidi, hulazimiki kuanza upya. Bookworm ilikuwa na 2.10.34 na isingepata zaidi ya hapo. Trixie ilikuwa na 3.0. Ilikuwa Aprili, Mfungo Mosi, mwezi ambao harusi zilizosubiri Ramadhani ipite hutupwa juu ya meza yetu kwa pamoja, nami nikataka kuingia msimu na chombo kipya. Alhamisi usiku, baada ya Isha, niliandika amri ya kusakinisha gimp, safari hii kwa kutumia alama ya -t trixie badala ya mkwaju.

Apt ilinijibu kwa orodha ndefu. Vifurushi zaidi ya mia tatu vingesasishwa, sabini hivi vingeongezwa, na chini kabisa, kabla ya swali la ndiyo au la, palikuwa na mistari miwili ya vifurushi ambavyo vingeondolewa. Sikuisoma mistari ile. Nilikuwa nimechoka, orodha ilikuwa imeshapita juu ya kioo, nikabonyeza Y na kwenda zangu kulala.

Asubuhi binti ya ndugu yangu, ambaye hutusaidia dukani, alinipigia simu kabla sijavuka kutoka Likoni.

"Ami, printa haionekani. Nimeizima nikaiwasha, nimebadilisha waya, mashine yasema haina printa yoyote."

GIMP mpya ilikuwepo, imefunguka vizuri, na kivuli cha maua kingeweza kurekebishwa mpaka kiama. Kilichokuwa kimeondoka ni kifurushi kinachoiendesha printa yetu kubwa na skana yake. Mteja wa kwanza aliingia baada ya sala ya Ijumaa, mama mwenye buibui na orodha ya wageni mkononi, akaniambia kwa upole ambao ulinichoma zaidi ya ukali: "Mwanangu, mlinambia Alhamisi jioni. Leo Ijumaa, na sala imekwisha." Kadi zake tuliziokoa kwa kuzihifadhi kama PDF, kuzibeba kwa flashi hadi mashine ya pili ambayo sikuwa nimeigusa, na kuchapa huko mpaka saa nne usiku. Lawama sikuwa na wa kumtupia. Apt ilikuwa imeniandikia wazi itakachokifanya, ikaniuliza, nami nikaikubalia.

Sababu ya kilichotokea inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha mchanganyiko salama na mchanganyiko wa hatari. Karibu kila programu iliyokusanywa kwa lugha ya C hutegemea maktaba moja ya msingi, libc6. Bookworm ina toleo la 2.36 la maktaba hiyo, trixie ina 2.41, na programu nyingi zilizokusanywa ndani ya trixie hudai angalau 2.38. Kwa hiyo ukichukua programu moja tu kutoka huko, mara nyingi inakuja na libc6 yake, na libc6 ni msingi wa nyumba nzima: kila kitu ndani ya mashine kimesimama juu yake. Hilo peke yake kwa kawaida halivunji kitu, maana libc6 mpya imeandikwa ili iendelee kuzibeba programu za zamani. Tatizo kubwa zaidi ni Python, lugha ya kuandikia programu. Viongezo vya GIMP 3 vilivyoandikwa kwa Python vinahitaji kiunganishi kilichokusanywa kwa Python ya trixie, yaani 3.13, ilhali bookworm ina 3.11. Vifurushi vya bookworm vyenye sehemu zilizokusanywa kwa ajili ya 3.11 hubeba sharti lililoandikwa waziwazi kwamba Python iwe chini ya 3.12. Sharti likishindwa kutimizwa, apt hubaki na njia mbili: kukisasisha kifurushi hicho nacho kutoka trixie, au kukiondoa. Programu ya printa yetu ilikuwa na sharti hilo hasa, na kati ya njia mbili ikachaguliwa ile ya pili.

Mtu atauliza kwa nini sikurudi nyuma. Hapa ndipo ninapotoa alama ya chini kabisa, ingawa sidhani kuna mtu wa kulaumiwa. Debian haiahidi kushusha kifurushi kutoka toleo la juu kwenda la chini. Hati ndogo zinazoendeshwa wakati wa kusakinisha zimeandikwa kwa mwelekeo mmoja, mbele. Zinajua kuyageuza mafaili ya mipangilio ya zamani kuwa mapya, lakini hazijui kinyume chake. Kanuni za apt zenyewe zinakataa kushusha chochote mpaka ulipe toleo la chini kipaumbele cha 1000 au zaidi, na hata ukifanya hivyo, kuishusha libc6 katika mashine inayotembea ni sawa na kubadilisha nguzo za nyumba huku watu wamelala ndani. Dawa iliyobaki ilikuwa kwenda mbele zaidi: nilichukua programu ya printa kutoka trixie pia, ikakubali, lakini ikaja na jamaa zake, na jamaa zake wakaja na jamaa zao. Kufikia Jumamosi ile mashine haikuwa bookworm iliyochanganywa na trixie kidogo. Ilikuwa kitu cha katikati ambacho hakuna mtu Debian aliyekijaribu. Wenyewe wanakiita FrankenDebian, na ukurasa wao wa maonyo unasihi watu wasikitengeneze.

Sasa kanuni za kipaumbele, ambazo kwa maoni yangu ndizo moyo wa huduma hii na ndizo zilizoandikwa vizuri kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Ukiongeza hazina ya majaribio bila kuandika kanuni yoyote, apt huyapa matawi yote mawili kipaumbele cha 500, na vinapolingana, toleo la juu hushinda. Maana yake, siku utakaposasisha mfumo bila kufikiri, mashine yote itahama bila kukuaga. Ili hilo lisitokee unaandika faili dogo ndani ya folda ya /etc/apt/preferences.d, lenye mistari mitatu tu:

Package: *
Pin: release n=trixie
Pin-Priority: 100

Namba ya mwisho ndiyo inayobeba mzigo wote, na watu huinakili bila kujua inasema nini. Maelekezo mengi yanayozunguka huandika 50, au 10, kwa imani kwamba kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo usalama unavyokuwa mkubwa. Sivyo. Kifurushi ambacho tayari kimo ndani ya mashine huhesabiwa kuwa na kipaumbele cha 100. Ukiipa trixie 50, kifurushi ulichokichukua huko kitabaki kama kilivyo milele, kwa sababu toleo jipya lenye 50 haliwezi kulishinda lililopo lenye 100; kitakuwa hakipati viraka vya bookworm, ambayo toleo lake ni la chini, wala vya trixie, ambayo umeifungia mlango. Ukiipa 100, matoleo yote mawili yanalingana na lile jipya hushinda, kwa hiyo kile ulichokichukua kinaendelea kusasishwa kutoka kule kilikotoka, na vile ambavyo hukuvichukua vinabaki thabiti. Mimi niliishi na 50 tangu Novemba hadi Aprili na sikujua. Kwa fonti halikuwa na madhara. Ingekuwa kivinjari, ningekuwa natembea na mlango wazi miezi mitano.

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyo hiyo ambao ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Badala ya faili la vipaumbele, wapo wanaoandika mstari mmoja wa APT::Default-Release wenye jina bookworm, ambao huipa bookworm 990 na kuonekana kama njia fupi na safi. Lakini tangu toleo la 11, lililotoka Agosti 2021, hazina ya usalama ina jina lake yenyewe, yaani bookworm-security kwa toleo hili, na mstari ule haulitambui jina hilo. Matokeo yake ni kwamba programu ya kawaida ya bookworm inakaa kwenye 990 huku kiraka chake cha usalama kikibaki kwenye 500, na kiraka hakisakinishwi. Mashine inasema imesasishwa kikamilifu, nawe unaamini. Maelezo rasmi ya toleo yanalionya jambo hili na kutoa namna ya kuliandika sawasawa. Tatizo ni kwamba maelezo ya toleo husomwa na wachache. Amri ya apt-cache policy ikifuatwa na jina la kifurushi huonyesha namba zote hizi kando ya kila toleo, na mtu atakayejizoeza kuiendesha kabla ya kila jambo hatahitaji mwalimu.

Neno kuhusu majina. Katika orodha ya hazina mtu anaweza kuandika jina la toleo, kama bookworm na trixie, au cheo chake, yaani stable na testing. Vyeo huhama. Tarehe 9 Agosti 2025 trixie ilipotangazwa kuwa toleo la 13, neno stable liliacha kumaanisha bookworm na neno testing likaanza kumaanisha forky, jina la toleo linalofuata, yote mawili kwa siku ile ile. Jamaa yangu mwenye duka la huduma za mtandao huko Mtwapa alikuwa ameandika stable katika mashine zake zote, na kwa wiki ile alikuwa mtu wa kupigiwa simu kila asubuhi. Mimi niliyeandika majina sikuona mabadiliko yoyote mpaka nilipotaka mwenyewe. Nadhani hazina yoyote ya mchanganyiko iandikwe kwa jina, na sioni hoja ya upande wa pili kwa mashine ya kazi.

Suala la usalama halikuniumiza dukani, lakini mtu anayetathmini hawezi kulipita. Toleo thabiti lina kikosi kinacholishughulikia moja kwa moja, na viraka huingia kwa kasi. Tawi la majaribio kwa sehemu kubwa husubiri kiraka kiingie sid kwanza na kikae siku zake, na pakiwa na kifungo katika vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo kifurushi hicho kinavihitaji, husubiri zaidi. Anayechanganya anapaswa kujua kwamba kwa kila kifurushi alichokichukua kutoka majaribio amejitoa katika ulinzi wa kwanza na kuingia katika wa pili. Mfano ulio hai ni ule wa Machi 2024, Andres Freund alipogundua, kwa kushuku kuchelewa kwa takribani nusu sekunde wakati wa kuingia katika mashine kwa mbali kupitia ssh, kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Kifurushi hicho kilikuwa kimeshafika katika tawi la majaribio. Watumiaji wa bookworm walikuwa na 5.4.1 na hawakuguswa. Yule ambaye mashine yake ilikuwa na xz ya majaribio, hata kama kila kitu kingine kilikuwa thabiti, aliguswa sawa na wenzake wa majaribio.

Baada ya Ijumaa ile niliamua mashine mbili nyingine zipitie njia tofauti ili nilinganishe, na ulinganisho huo ndio unaonipa ujasiri wa kusema ninayoyasema. Mashine ya pili niliipa hazina ya backports. Hii ni hazina rasmi ya Debian ambamo vifurushi huchukuliwa kutoka tawi la majaribio lakini hukusanywa upya juu ya maktaba za toleo thabiti, kwa hiyo haviburuti libc6 wala Python nyuma yao. Imewekwa kwenye kipaumbele cha 100 tangu mwanzo, bila wewe kuandika faili lolote, na hufanya kazi sawasawa na ilivyoelezwa hapo juu: haikuletei kitu usichokiomba, na ulichokiomba inakisasisha. LibreOffice mpya, programu za kazi za ofisi, iliingia humo kwa amri moja, na kerneli ya 6.12 pia, yaani kiini cha mfumo, ambayo iliitambua kadi ya wifi iliyokuwa ikitusumbua. Upungufu wake ni kwamba si kila kitu kimo. Mtu fulani lazima ajitolee kukikusanya kifurushi upya, na GIMP niliyoitaka sikuipata. Hata hivyo kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kuanza kutafuta, na ukiikuta programu yako humo huna haja ya kusoma zaidi kuhusu vipaumbele.

Mashine ya tatu, ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote, ilipata GIMP 3 kwa njia ya Flatpak. Programu huja na maktaba zake zote ndani ya kifungashio chake, na mfumo wa chini hauguswi hata kidogo. Ilifanya kazi, na printa haikuondoka. Gharama yake ni upakuaji mkubwa, jambo ambalo mwenye kununua bando kwa siku atalihisi mfukoni, nafasi kubwa katika diski, na kufunguka polepole katika mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne. Binti yetu aliitumia msimu mzima na hakulalamika isipokuwa kwa kuchelewa kule kwa asubuhi. Kwa programu moja kubwa yenye kioo na vitufe, ningeichagua njia hii kabla ya kuchanganya matawi, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyechanganya kwanza.

Basi kuchanganya kwenyewe kunabaki na nafasi gani? Kwangu ni finyu lakini ni ya kweli. Kifurushi cha data, au hati ndogo isiyodai maktaba mpya, au chombo cha terminali, yaani kinachoendeshwa kwa kuandika amri, ambacho majaribio ya apt kwa alama ya -s, inayoonyesha kitakachotokea bila kukitenda, yanathibitisha kwamba kinaleta kitu kimoja au viwili tu. Ninatumia mkwaju badala ya -t, kwa sababu mkwaju huinua kifurushi kimoja ilhali -t huipandisha hazina nzima hadi 990 kwa muda wa amri ile. Na nikiona libc6 au python3 katika orodha ninajibu la, nifikirie kesho yake. Utaratibu huu una gharama ya umakini ambayo si kila mwenye duka anaweza kuilipa, na sitamlaumu yeyote atakayesema hauna faida kwake. Sifa ya apt ni kwamba haikufichi kitu. Inayasema yote, kwa orodha ndefu, wakati umechoka.

Upande wa mashine iliyochanganyika, kilichoiponya ni kalenda. Trixie ilipokuwa thabiti mwezi Agosti, mashine ile ilikuwa nusu ya njia tayari, na GIMP 3.0 ilikuwa sasa ni ya toleo thabiti. Nilibadilisha mstari mkuu wa hazina, nikauacha ule wa usalama wa bookworm kwa kusahau pamoja na ule wa masasisho yake, nikaendesha amri ya kusasisha mfumo wote, na sehemu ya vifurushi ikapanda huku vingine vikikataa kabisa bila kutoa kosa lolote. Nilikaa nayo jioni nzima. Apt-cache policy ndiyo iliyoniambia: faili langu la mistari mitatu lilikuwa bado limo, likiipa trixie 100, na kila kifurushi ambacho toleo lake lililopo bado lilipatikana katika mistari ya bookworm niliyoisahau kilikuwa kikilindwa na 500. Maelezo ya toleo la 13 yanasema waziwazi kwamba vipaumbele viondolewe kabla ya kuhama. Nililifuta faili, nikaifuta mistari ile miwili, na kufikia saa sita usiku vifurushi vyote mia tatu na zaidi vya orodha ya Aprili vilikuwa vimepata jamaa zao, yaani vifurushi vyote vya mashine vilikuwa vya tawi moja.

Ubavuni mwa mashine ile kulikuwa na karatasi niliyoibandika Jumamosi ya Aprili, yenye majina ya vifurushi vilivyotoka majaribio na tarehe ya kila kimoja, kwa kalamu nyekundu. Unyevu wa masika ulikuwa umeshaikunja pembe. Niliibandua siku ile, nikabandika nyingine katika mashine ya pili. Ina majina mawili, na yote mawili ni fonti.